Diski la bei chee lilivyommeza Bibi wa Butiama

Wale mlioniandikia kuhusu wachumba wanaokopa halafu wanaingia mitini, barua zenu nimezipata, nitazijibu wiki ijayo. Leo nina kidonda changu mwenyewe, na nisipokisema nitapasuka.

Mnanijua kama mtu wa maneno, lakini maneno hayalipi kodi ya chumba Nyasho. Kinachonilisha ni studio ya video ninayoendesha na mshikaji wangu mmoja hapa Musoma, mwendo mfupi kutoka Mwigobero. Sendofu, harusi, kipaimara, misiba, tunapiga zote. Na kwa kuwa siku hizi kamera zinakula nafasi kama mchwa, tukajitengenezea seva. Msicheke. Ni kompyuta kuukuu iliyovuliwa kioo, imekaa kwenye kona inanguruma usiku na mchana, na ndani yake tuliweka diski moja kubwa ya terabaiti 8. Kazi zote za wateja wa Musoma, Bunda na Butiama zilikuwa zinalala humo.

Basi bwana, Desemba 2024 tukapata harusi Butiama. Haikuwa harusi ya kitoto. Bibi harusi anafanya kazi Dodoma, bwana harusi mtu wa Bunda, ng'ombe walikwishatoka, kwaya imejipanga, ukoo mzima wa Kizanaki uko chini ya maturubai. Tulikuwa na kamera 2, yangu na ya dogo mmoja wa Bunda tuliyemkodi kwa siku ile. Kabla msafara haujaondoka kwenda kanisani, bibi yake bibi harusi, mzaa baba, mama wa miaka tisini na kitu, akaomba kiti. Akamwekea mjukuu mkono kichwani, akaanza kumbariki kwa Kizanaki. Dakika 11 nzima! Akataja waliokufa, akataja waliohamia mbali, akataja mpaka ng'ombe. Mimi ambaye Kizanaki changu kinaishia kwenye salamu nikajikuta natafuta leso.

Sasa sikia ujinga wangu. Tulipokaa kuhariri, nikasema dakika 11 za kizee kuongea zitawachosha watu. Nikabakiza sekunde 40, nikajazia vijana wakicheza. Mteja akapokea, akashukuru, akalipa. Yale mengine yakabaki kwenye seva.

Agosti 2025 yule Bibi akafariki. Wiki mbili baada ya maziko simu ikalia.

"Kaka, shikamoo. Samahani kwa usumbufu. Ile ya Bibi anavyoongea, unayo yote?"

"Marahaba. Ondoa shaka dada yangu, iko kwenye seva."

Nikaenda kuifungua kwa mbwembwe. Kompyuta ikaganda. Nikasubiri. Halafu kutoka kwenye kona nikasikia: tka... tka... tka...

Wewe ambaye hujawahi kuusikia mlio huo, mshukuru Mungu. Ndani ya hadidiski kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea karibu mno na sahani, nafasi ndogo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara. Kichwa kikishindwa kuona alama za kujiongoza, kinarudi nyuma na kujaribu tena, na tena. Ule mlio ndio huo kurudi na kujaribu. Kwa lugha ya kijiweni, mgonjwa anahema mara ya mwisho.

Mshikaji wangu naye ana wataalamu wake. Kuna mtu alimwambia diski ikigoma itie kwenye friza. Nilipotoka kununua vocha nikarudi, nikakuta diski imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, imelala kwenye friza ya mama muuza samaki, katikati ya sato wawili. Sikujua nicheke au nimtie makofi. Ukiitoa kwenye baridi namna ile inajaa matone ya maji, na maji juu ya sahani ni msiba juu ya msiba. Fundi mmoja wa Dar niliyempigia alinikataza mambo mawili kwa ukali: usiiwashe tena, na usifungue mfuniko. Kuiokoa, kama inaokoka, lazima ifunguliwe kwenye chumba kisicho na vumbi na kuwekewa vichwa kutoka diski nyingine ya namna ileile. Aliponitajia gharama nikamwomba arudie, nikidhani mtandao unasumbua.

Nikaigeuza ile diski, kwa mara ya kwanza tangu tuinunue nikaisoma lebo yake. Imetengenezwa 2017! Sisi tuliinunua Novemba 2024 kwenye duka moja Dar ambalo sitalitaja, kwa shilingi laki mbili na nusu, tukaambiwa ni mpya kabisa, imetolewa boksi leo. Diski mpya ya ukubwa ule tuliulizia kwingine tukaambiwa laki sita na ushee. Tukajiona wajanja wa mjini. Kumbe tumeuziwa mtumba uliopigwa pasi.

Na msidhani ni Wabongo peke yetu tunaoingizwa mjini. Januari 2025, mwezi mmoja na kitu baada ya sisi kulizwa, magazeti ya kompyuta ya Ujerumani yalifumua kashfa ya diski kubwa za seva za Seagate, aina ya Exos, zilizokuwa zinauzwa madukani kama mpya huku zimekwishatumika maelfu ya saa. Wajanja walikuwa wamefuta kumbukumbu ya saa za kazi ikasoma sifuri. Tetesi zikaelekeza kwenye mashamba ya sarafu za kidijitali huko China, ambako diski zilikeshwa kwa miaka halafu zikatupwa sokoni. Zilizowaumbua ni hesabu nyingine za ndani kabisa ya diski zenyewe ambazo wale wajanja hawakuzifuta. Kwa hiyo kama Mjerumani na risiti yake analizwa, sisi wa laki mbili na nusu tulitegemea nini?

Tangu siku ile nimekuwa mwanafunzi. Mshikaji ananiita Profesa Diski, na mimi sijali.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kabla ya kutoa pesa. Kamera zetu tunazirekodisha kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani gigabaiti 45 kwa saa. Kamera 2, saa 4 kila moja, harusi moja inakula gigabaiti 360. Diski ya terabaiti 8 inabeba harusi 22 tu. (Na usigombane na muuzaji ukiona kompyuta inakuandikia 7.27 badala ya 8. Hajakuibia. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.) Kwa mwaka tunapiga harusi kama 50, hiyo ni terabaiti 18 za kuandika. Wakati wa kuhariri tunazisoma tena kama mara 3, ongeza 54. Jumla 72.

Sasa kamata hapa. Diski za kawaida za kompyuta ya mezani, chukua mfano BarraCuda ya Seagate, kiwanda chenyewe kinaandika kwenye karatasi yake kwamba imekusudiwa kufanyishwa kazi ya terabaiti 55 kwa mwaka, na kuwashwa saa 2,400 kwa mwaka. Mwaka mzima una saa 8,760! Seva yetu haizimwi. Kwa hiyo hata ningenunua hiyo mpya ikiwa na boksi na risiti, ningekuwa nimemfunga punda wa maji kwenye lori la mchanga. Diski za kukaa kwenye seva ndogo, kama IronWolf au WD Red Plus, zimeandikiwa terabaiti 180 kwa mwaka na zinaruhusiwa kukesha. Zile za mabwana wakubwa, kina Exos na Ultrastar, terabaiti 550 na dhamana ya miaka 5. Kwa studio yetu za katikati zinatosha na chenji inabaki. Lakini madukani utakayoonyeshwa kwanza ni ile ya rahisi, na muuzaji atakuapia kwamba diski ni diski.

Jambo jingine muulize namna inavyoandika. Kuna diski zinazopanga mistari yake kama mabati ya nyumba, bati moja linalalia jingine, ili zibebe vingi zaidi. Ufundi huo unaitwa SMR. Kusoma hakuna shida. Ila ukitaka kubadilisha bati la chini inabidi uinue na yale ya juu, ndiyo maana ukiiandikia kwa wingi inachoka na kuanza kujikokota. Kwa seva tafuta CMR, ambayo mistari yake hailaliani. Mwaka 2020 Western Digital walikamatwa wameziingiza za mabati kwenye ukoo wa WD Red bila kuwaambia wateja. Kelele zilipozidi wakakiri, wakatenga zile safi kwa jina la Red Plus. Kwa hiyo lile neno Plus si urembo, lilipatikana kwa ugomvi.

Pale kijiweni kuna ubishi usiokwisha: kampuni ipi nzuri? Wanabishana kama Simba na Yanga. Ukweli ni kwamba duniani kampuni zinazotengeneza diski hizi za kuzunguka zimebaki 3 tu, Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukiona jina jingine la kung'aa kwenye kava, ndani kuna mmoja wa hao. Na ubishi wenyewe hauna maana, kwa sababu kampuni moja hutoa chuma na hutoa kimeo. Kuna kampuni ya Marekani, Backblaze, kazi yake ni kuhifadhi mafaili ya watu, na tangu 2013 inatangaza diski zake zipi zinakufa na kwa kasi gani. Mwaka 2012 waliingiza diski 4,829 za Seagate za terabaiti 3, modeli ST3000DM001. Kufika mwisho wa Machi 2015, zilizokuwa bado kazini zilikuwa moja tu katika kila 10. Balaa! Lakini hao hao baadaye wakanunua za terabaiti 4 za kampuni ileile kwa makumi ya maelfu, na zikawafanyia kazi vizuri. Ndiyo maana siku hizi sitaji kampuni, natafuta namba ya modeli.

Ukitazama takwimu zao kwa jumla, katika kila diski 100 moja au mbili hivi hufa kwa mwaka. Ni chache. Lakini hazisemi ni ipi. Na wale wanaotishwa na maandishi ya "saa milioni 2.5" kwenye boksi, wakidhani diski itaishi karne 2 na ushee, waelewe kwamba hiyo ni hesabu ya kundi: ukiwa na diski 1,000 utapoteza 3 au 4 kwa mwaka. Haizungumzii hiyo moja uliyoshika mkononi.

Basi kabla ya kuipa diski mpya kazi, naipima. Nalinganisha namba ya siri ya kwenye lebo na tovuti ya kiwanda kuona dhamana inaanza lini. Naangalia tarehe ya kutengenezwa. Kisha naiunganisha na programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, inakusomea saa ilizowashwa na vipande vya sahani vilivyokwishaharibika. Ikiwa mpya na saa zinasoma 21,000, irudishe kabla muuzaji hajala kona. Vipande vibovu navyo viwe sifuri. Lakini hata ikipita mtihani huo usilale fofofo. Google walichunguza diski zao zaidi ya 100,000 na kutangaza mwaka 2007 kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja kati ya dalili 4 kubwa zinazoaminika. Zinakwenda kimya, kama mtu aliyekula chakula cha jioni akalala.

Nikagundua na dhambi nyingine ambayo tuliifanya bila kujua. Juu ya ile kompyuta yetu tulikuwa tumeweka spika, lile la besi! Mshikaji akihariri kwaya anafungulia mpaka madirisha yanacheza. Mwaka 2008 fundi mmoja wa Sun Microsystems, Brendan Gregg, alisimama mbele ya kabati la diski akazipigia kelele kwa mdomo tu, na mashine ikaonyesha palepale zikichelewa kazi kwa kutikiswa. Kelele za mtu mmoja! Sisi tulikuwa tunaichezesha yetu bolingo kila Jumamosi. Spika limehamia ukuta wa pili, na seva imepata betri ya kuishikilia umeme unapokatika, ili izimwe kwa heshima yake.

Mnasema: haya Profesa, na Bibi je?

Siku tatu sikupokea simu ya yule dada. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa. Siku ya nne nikakumbuka yule dogo wa Bunda, mwenye kamera ya pili. Nikampigia.

"Kaka, kadi ile nilishaifuta zamani," akasema. Moyo ukaanguka. "Ila kabla ya kufuta huwa namwagia kwenye laptopu ya dada. Ngoja nimuulize kama hajaijaza filamu za Kikorea."

Sikungoja jibu. Nikakimbilia stendi ya Bweri, nikapanda gari la Mwanza, nikashuka Bunda na jasho. Dada mtu katutengea chai kwanza, maana huwezi kuingia nyumba ya watu ukadai laptopu. Tukafungua. Folda ya harusi ilikuwepo, nusu yake imefutwa kweli kupisha filamu. Tukasogeza, tukasogeza, na hapo akatokea Bibi, kwa upande, nyuma ya bega la mama mmoja mwenye kofia, sauti iko mbali na jogoo anawika katikati. Dakika 9 na sekunde kadhaa. Mwanzo umekosekana, ile sehemu anaomba kiti. Mengine yote yapo.

Niliziandika kwenye flashi 2 pale pale mezani kabla chai haijapoa. Dogo akanicheka. Nikamwambia cheka tu.

Studio sasa ina diski 2 mpya za terabaiti 8, za kukesha, CMR, moja tumeinunua Mwanza na nyingine Dar, makusudi kabisa, kwa sababu zinazotoka boksi moja zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja. Zimefungwa pacha, kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Mshikaji alidhani hapo tumemaliza. Nikamfutia faili moja mbele ya macho yake, nikamwambia alitafute kwenye pacha. Halipo. Pacha anakulinda diski moja ikifa, hakulindi na mkono wako mwenyewe, wala mwizi, wala moto. Kwa hiyo ipo diski ya tatu, ya terabaiti 4, inabeba zile kazi ambazo haziwezi kupigwa tena, na inaishi Bunda kwa dada yake dogo. Kila mwisho wa mwezi naifuata, naizima vizuri, naiviringisha kanga, naipakata kwenye gari kama mtoto mchanga. Kondakta mmoja aliniuliza kama ni mchanga kweli. Yote imetugharimu milioni moja na laki kadhaa, na hesabu hiyo naifanya nikikumbuka laki mbili na nusu tulizoona tumeokoa.

Yule dada alipokuja likizo tukakubaliana tukutane Butiama kwa baba yake. Nilishuka Makutano nikachukua bodaboda. Pale Butiama watu wamezoea wageni wanaokuja kutazama kumbukumbu, maana nyumba ya makumbusho ya Mwalimu iko pale tangu 1999, na kila Oktoba 14 redio zote zinapiga sauti yake. Nilikuwa nawaza njiani kwamba sauti ile haina wasiwasi, imo kwenye redio, imo kwenye simu za watu milioni. Ya Bibi ilibakia kwenye laptopu moja ya Bunda, inagombania nafasi na Wakorea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

Nikamweleza yote, hata zile sekunde 40, hata friza. Nilitegemea kutukanwa. Mzee akanyamaza, akaniashiria niwashe. Tukatazama kwenye laptopu juu ya stuli, yeye, binti yake na majirani kama sita. Bibi alipofika kwenye majina ya waliokufa mzee akaanza kuyatamka pamoja naye, taratibu, moja moja. Pale jogoo alipowika watoto wakacheka. Ilipokwisha akasema, "Rudisha." Nikarudisha.

Baadaye akaniuliza, "Hii sasa iko wapi na wapi?"

"Musoma, baba. Na Bunda. Na hii yako."

Akaipokea ile flashi, akaigeuzageuza kama mtu anayepima mbegu, akaifunga kwenye leso. Kisha akaingia ndani, tukasikia kufuli la sanduku, lile la hati za shamba na vyeti vya ubatizo, likifunguliwa na kufungwa.